Uzamili wa mawasiliano ng'ambo: tuanze na karatasi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na vijana wa Mtwara na Lindi wenye shahada ya kwanza ya uhandisi wa mawasiliano au elektroniki, wanaotaka kusoma uzamili nje ya nchi. Wapo wanaokosa nafasi wakiwa na alama za kutosha kabisa, kwa sababu ya karatasi zilizochelewa au zisizolingana. Inatuuma, maana jambo hilo linazuilika. Tutachukua mfano wa Ujerumani.

Kwanza alama, kwani hapo wengi hujikatia tamaa bure. Kule 1 ndiyo alama ya juu na 4 ni ya kufaulu tu. Vyuo hubadili GPA (wastani wa alama) ya mgeni kwa kanuni iitwayo ya Bavaria. Kwetu, ambako ya juu ni 5.0 na ya kufaulu ni 2.0, kanuni yote inabaki hesabu moja: 6 toa GPA. Mwenye 3.5 anapata 2.5, mwenye 4.0 anapata 2.0. Kozi nyingi huweka mpaka karibu na 2.5, kwa hiyo daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, linatosha kujaribu.

Kinachoangusha zaidi ni maudhui ya masomo. Mkaguzi wa maombi anapoona kwenye transkripti neno "Mawasiliano I" hawezi kujua kama ndani yake mlisoma ishara na mifumo, nadharia ya uwezekano, usumakuumeme au uchakataji wa ishara za dijitali. Hayo ndiyo anayoyatafuta, na asipoyaona hukataa. Nenda idarani kwenu uombe maelezo ya kila kozi: mada, saa, vitabu, na mhuri kila ukurasa. Eleza pia uzito wa kozi. Mwaka mmoja wa masomo kwetu ni krediti 120, kwao ni 60, hivyo krediti zetu 2 ni sawa na 1 yao. Usipolieleza hilo, mwingine atazisoma krediti zako vibaya. Maelezo haya yafuateni mkiwa bado chuoni. Ukisharudi Masasi au Nachingwea, kuyafuatilia kwa simu huchukua miezi.

Halafu majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Saidi Hamisi, cha kuzaliwa Said Khamis, pasipoti ina majina matatu. Kwa mgeni hao ni watu watatu. Vyeti vya Baraza la Mitihani havibadilishwi jina kirahisi, basi pasipoti na cheti cha kuzaliwa cha RITA ndivyo vifuate cha kidato cha nne. Pasipowezekana, wakili aandae hati ya kubadili jina, isajiliwe, na nakala yake iambatane na kila ombi.

Kuhusu fedha, msemo kwamba Ujerumani ni bure umewaponza wengi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg, uliko mji wa Ulm, hutoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza tangu muhula wa baridi wa 2024/25, na kwa uzamili ni kati ya euro 4,000 na 6,000 kwa muhula. Maombi yanayopitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo, ni euro 75 kwa la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Kubwa kuliko yote ni la viza: asiye na ufadhili huweka euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30, kwenye akaunti maalumu inayomruhusu kutoa 992 tu kwa mwezi. Fedha hizo ni zako, ila lazima ziwepo kabla ya kusafiri.

Uingereza uzamili ni mwaka mmoja, na ufadhili wa serikali yake uitwao Chevening hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800. Aliyehitimu juzi asipoteze muda huko.

Sasa kalenda. Masomo mengi ya Ujerumani huanza Oktoba. Vyuo vingine hufunga maombi Machi, vingine 15 Julai. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS hufanyika Dar es Salaam, matokeo yake hudumu miaka 2, na ubalozi wa Ujerumani uko huko huko. Sisi wa kusini tusisubiri siku ya mwisho. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, na wiki iliyofuata, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Aliyekuwa na miadi ya Dar au ombi la kutuma siku hizo hakuwa na pa kukimbilia. Tumeni wiki nane kabla, kwa kuwa uni-assist wakikuta karatasi imepungua hukuarifu, na ukiileta baada ya tarehe ya mwisho haipokelewi.

Tunakuomba, Mhariri, kila Septemba uchapishe tarehe za kufunga maombi za mwaka unaofuata. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mzazi wa Newala au Tandahimba akishaijua tarehe ataitenga fedha ya mtihani na ya maombi kabla haijaingia kwenye matumizi mengine.

Wahandisi wa mawasiliano,
Shangani, Mtwara