Shangazi, ile hela usiitume kwanza

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: kwanza kwenye daladala, kelele tupu, kisha nikiwa nimejifungia chumbani. Unauliza kama ni kweli kuna dawa ya bluu ambayo mtu anainywa, akamulikwa taa nyekundu kifuani, na kansa ikafa. Na muuzaji anataka nusu ya hela leo. Najibu hapa hadharani, bila kumtaja kwa jina Mjomba, mgonjwa wetu wa kansa ya koo la chakula, maana video ya muuzaji huyo nimeshatumiwa na watu wanne.

Jamaa kaujenga uongo wake juu ya kitu cha kweli. Mwaka 1900, kule Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Oscar Raab alieleza jambo lililomsumbua sana. Alikuwa akiweka vijidudu vya majini kwenye akridini, kemikali inayotokana na lami ya makaa ya mawe. Siku nyingine vilikufa upesi, siku nyingine viliishi saa nyingi, na dawa ni ileile. Kumbe tofauti ilikuwa mwanga! Gizani vilidumu, penye mwanga viliisha. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, akaja kuonyesha kuwa oksijeni nayo lazima iwepo. Mafiga matatu, Shangazi: ondoa moja uone kama chungu kitakaa.

Dawa ya namna hiyo ni rangi: inameza nguvu ya mwanga na kuipa oksijeni iliyo jirani yake, nayo inageuka kali hadi kuunguza seli. Ukali huo hauishi hata muda wa kufumba jicho, na hausafiri hata upana wa seli moja. Kwa hiyo panapoungua ni pale tu rangi na mwanga vilipokutana.

Aliyeifanya njia hii ya rangi na mwanga iwe tiba hasa, miaka ya 1970, ni Thomas Dougherty wa kituo cha kansa cha Roswell Park, Buffalo, Marekani. Dawa iliyotokana na kazi hiyo, Photofrin, iliruhusiwa Kanada mwaka 1993 kwa kansa ya kibofu. Marekani iliruhusiwa mwaka 1995, kwa kansa ya koo la chakula. Ndiyo, hiyohiyo ya Mjomba. Nilipofika hapo hata mimi moyo ulinidunda.

Ila tazama wanavyoifanya. Dawa inachomwa kwenye mshipa, hainywewi kikombeni. Wanasubiri kama siku mbili. Kisha mpira wa kamera unapitishwa mdomoni hadi kwenye uvimbe, ndani yake uzi mwembamba unaobeba mwanga wa leza, mwekundu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 630. Wanahangaika kuingia ndani kwa sababu mwanga huo hupenya nyama kiasi cha nusu sentimita hivi. Jaribu leo usiku: washa tochi ya simu, iminye kwa ncha ya kidole. Kidole kitawaka chekundu. Sasa iweke pajani. Umeona kitu upande wa pili? Basi na kifua cha Mjomba ni hivyohivyo.

Hata huko Marekani iliruhusiwa kwa mgonjwa aliyezibwa koo, ili chakula kipate kupita. Baada yake anajificha jua kwa siku 30 au zaidi, kwa kuwa rangi inabaki kwenye ngozi. Mjomba na baraza yake, mwezi mzima nyuma ya mapazia? Tungemfunga kamba.

Kuhusu hiyo bluu, nahisi ni methilini bluu. Ni dawa halisi, hospitali wanayo kwa kazi nyingine. Lakini mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, akiinywa, chembe hizo zinaweza kupasuka, na upungufu huo ni wa kawaida kwenye nchi za malaria kama pwani yetu. Mjomba hajawahi kupimwa.

Hela hiyo iwe nauli ya kwenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, tarehe yake ya kuonana na daktari isipite. Mkifika, muulizeni daktari kuhusu kuwekewa stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia koo lisizibe. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, Kenya, wamewawekea wagonjwa wengi kwa miaka. Anayemeza uji kwa shida, hilo ndilo la kuuliza kwanza.

Na ile chupa ya kuonjea aliyowaachia, ipandishe juu ya kabati, Mjomba asiione. Nakuja Ijumaa, nitaichukua.