Vizibo, sado na magugu maji

Mwangaluka shosti, za Bukoba? Huku Mwanza tupo, tunamshukuru Mungu.

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema watoto wako wa awali wanaimba moja hadi ishirini bila kukosea ila ukimtuma mmoja akuletee vijiti vitano anakuja na mkono umejaa, yani ni darasa langu la mwaka jana kabisa. Usijilaumu na tafadhali usiwachape. Ile ni nyimbo wanaimba, bado hawajahesabu, mtoto mpaka aguse kitu kimoja ataje namba moja, aguse kingine ataje nyingine, alafu ajue ile aliyoishia ndo idadi ya vyote, na hiyo haiingii kwa kukariri ubaoni.

Mi nilianza na vizibo vya soda, niliviokota kwa mama mmoja mwenye mgahawa huku Kirumba. Tukavihesabu wiki nzima, alafu siku moja nikaleta beseni la maji, ya bomba lakini, ya ziwani usiwape maana kichocho kipo. Nikawauliza hiki kizibo kitazama au kitaelea? Kila mtu aseme kwanza kabla hatujaweka. Hapo ndo pa muhimu shosti, usiwape jibu, waache wakisie hata wakikosea. Tukakilaza taratibu kama kisahani kikaelea, katoto kamoja kakakigusa ukingoni maji yakaingia kikazama hapo hapo, darasa zima likapiga kelele. Kizibo kile kile! Wakarudia weee mpaka kengele ikagonga, na kale katoto kakaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo meli ikiingia maji ndo inazama?" Nilikua sijafundisha chochote kuhusu meli.

Kesho yake nikaja na gugu maji, nimeshaliosha na kutoa konokono wote. Nikakikata kile kikonyo cha jani kilichovimba wakaona ndani kulivyo na vijumba vijumba kama sponji, nikakiminya ndani ya maji viputo vikapanda juu. Wenyewe wakasema kuna hewa.

Vitabu navyo navitumia hivyo hivyo. Nina vichache tu vya picha, kimoja cha wavuvi kimechakaa mpaka nimekishona na uzi, na sikisomi moja kwa moja mpaka mwisho. Nikifika walipo kwenye mtumbwi naziba kurasa inayofata kwa mkono, wako wanne, wawili wakishuka watabaki wangapi? Wanabishana, wanatumia vidole, wengine wanakimbilia vizibo, ndo nafungua. Na baada ya lile beseni tulitengeneza cha kwetu kwa maboksi, kila mtoto kachora kitu chake, jiwe, jani, kizibo, ganda la yai, chini naandika kinaelea au kinazama. Hicho ndo wanagombania kukisoma kuliko vyote.

Af unamkumbuka Piaget wa chuoni, yule mwanasaikolojia wa watoto, tulivyokariri kwamba mtoto mdogo ukimimina kitu kwenye chombo chembamba anaona kimeongezeka? Nilijaribu na dagaa. Nikapima sado moja, kile kikopo cha kupimia, wakiangalia, nikamwaga kwenye beseni pana, wengi wakasema zimepungua. Kabinti kamoja, mama yake anauza dagaa mwaloni, kakasema hapana ni sado ile ile, akarudisha zote kwenye sado kuwaonyesha wenzake mpaka zikajaa vile vile. Miaka mitano shosti! Anamuona mama yake akipima kila siku. Ndo maana nakwambia ukitaka vifaa vya hesabu angalia kwanza wazazi wao wanafanya kazi gani, huko kwenu kuna kahawa, kuna ndizi, mkungu una vichane, kichane kina vidole, hesabu imejaa humo.

Nina ombi. Msimu wa senene ukifika nitunzie watatu wanne wazima, kwenye chupa yenye matundu, umpe mtu anayepanda meli kuja huku. Wasiwe wamenyonyolewa miguu. Tumesoma kwenye kitabu kwamba mdudu ana miguu sita, wengine hawajaamini, nataka wahesabu wenyewe.

Wasalimie wote nyumbani.
Mimi mwalimu mwenzio.