Machimbo ya mawe ya kilimani yasigeuzwe jalala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie machimbo ya mawe yaliyoachwa kwenye mteremko wa kilima kilicho jirani na mtaa wetu hapa Tabora, ambayo tangu masika yaliyopita yamekuwa yakimwagwa taka na vifusi vya ujenzi. Anayemwaga simtaji, ninachoomba ni kwamba shimo lile lisifukiwe.

Nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na sijapata ubao uliofundisha vizuri kuliko ukuta ule wa mwamba. Jiwe lake ni itale, sehemu ya msingi mkongwe wa miamba ambao wanajiolojia huuita Kratoni ya Tanzania, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Liliganda kutokana na uji wa moto uliokuwa kilomita kadhaa chini ya ardhi, na kwa kuwa lilipoa taratibu, chembe zake zilipata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho: kwatzi inayofanana na kioo kilichofifia, felspa nyeupe au ya waridi, na mika nyeusi inayometameta ikipigwa na jua. Juu ya kilima mwanafunzi huona majabali ya mviringo tu, yaliyokwisha kuliwa na jua na mvua. Ndani ya machimbo ndipo anapoliona jiwe bichi. Huona pia nyufa zinazofuata mteremko kama maganda ya kitunguu, ambazo zilifunguka baada ya miamba ya juu kumomonyoka na jiwe la chini kupunguziwa mzigo.

Nyufa hizo wachimbaji walizijua kabla sijazifundisha darasani. Mama yangu aligonga kokoto pale. Wanaume waliwasha moto wa magogo juu ya mwamba usiku kucha, alfajiri wakaumwagia maji ukapasuka kwa kishindo, kisha tindo na mtaimbo vikamalizia kazi. Wanawake walilishika kila jiwe kwa pete ya mpira wa tairi ili vipande visiwarukie machoni, wakaligonga kwa nyundo, na kokoto zikauzwa kwa debe. Misingi ya nyumba nyingi za mtaa wetu imejengwa kwa madebe hayo. Hata leo, ukisimama mbele ya ukuta wa mashariki, utaona matundu ya tindo, yaliyobaki nusu baada ya jiwe kupasuka, yamepangwa mstari mmoja, kila tundu likiwa umbali wa shubiri kutoka kwa mwenzake, na juu yake weusi wa moto ambao mvua haijaufuta.

Tabora ina Boma la Wajerumani na tembe la Livingstone kule Kwihara, na ni haki vitunzwe. Lakini Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, haiwezi kutulia bila kokoto za mawe magumu ambazo ncha zake hushikana na kuruhusu maji yapite. Na waliovunja mawe, wa reli na wa nyumba zetu, hawana hata kibao kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza eneo la kihistoria kuwa kumbukumbu inayolindwa, nami sioni kwa nini machimbo yasifikiriwe.

Hatari ipo, siikatai. Wakati wa mvua maji hutuama chini na watoto huenda kuogelea. Dawa yake ni uzio kwenye ukingo wa juu na mfereji wa kutolea maji, kazi ambayo wakazi tunaweza kushiriki kwa nguvu zetu iwapo Manispaa itatuongoza. Taka ziondolewe, na shule ziruhusiwe kuingia kwa utaratibu.

Ombi hili ni la haraka. Upande wa chini, pale mama na wenzake walipokuwa wakikaa, umeshafukiwa. Ukuta wa mashariki bado uko wazi.

Mwalimu mstaafu,
Tabora