Glovu zisizo na vidole kwa asubuhi za Kasulu

Tabora, Julai

Shoga yangu mpendwa,

Hamjambo huko? Sisi wazima, watoto wanakusalimu, na kipupwe kimeshatuingilia.

Umeniuliza kama ununue zile glovu za mtumba, maana asubuhi chaki inakuponyoka kwa vidole kufa ganzi. Usinunue, mwalimu wangu. Zile ni za watu wa theluji. Baridi yetu, ya huku na hata hiyo ya milimani kwenu, inabana alfajiri, na ikifika saa nne jua likiwaka unavua hata mtandio. Katikati hapo una chaki, una madaftari, una simu. Glovu ya vidole utaivua na kuivaa mpaka uchoke, mwisho ilale kwenye mkoba. Wewe unahitaji kitu cha kufunika kifundo cha mkono na kiganja, vidole viwe huru. Pale nesi anapokushika kupima mapigo, mshipa wa damu uko karibu kabisa na ngozi. Pakihifadhiwa, hata vidole vinapata nafuu.

Uzi ndio wa kuuhangaikia. Akriliki ya dukani ni rahisi na haisumbui kufua, ila usiisogeze karibu na moto, inayeyuka. Mimi kwa baridi napenda sufu, na sufu naitafuta kwenye mitumba. Sweta lililotoboka kiwiko wanaliuza bei ya kutupa. Usihangaike na rangi kwanza, ligeuze uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa tu kwa uzi, beba: ukiukata huo uzi, vipande vinaachana na sufu inatoka ndefu bila kukatika. Ukiona kingo zimepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia ukingo, liache hapohapo, maana kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kila mstari utakutokea kipande kifupi. Lililofuliwa kwa maji ya moto likagandamana nalo liache, halifumuki.

Anza kufumua kutoka juu, begani, kwa sababu mengi hufumwa kutoka chini. Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijitatize, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu bila kuusugua, kisha uuanike kivulini na kitu kizito kidogo kikining'inia chini. Ukikauka umenyooka, na gramu 50 za uzi wa unene wa kawaida zinatosha jozi moja.

Kufuma kwenyewe ni kazi ndogo. Sindano za milimita 4, vitanzi 42, mbele mbili nyuma mbili, yaani vitanzi viwili vya mbele kisha viwili vya nyuma kwa zamu, na kila mstari wa upande wa mbele uanze na uishie kwa mbele mbili. Endelea hivyo mpaka sentimita 18. Ukifunga vitanzi, legeza mkono, la sivyo ukingo utakubana. Kisha ukunje, ushone ubavu, uache wazi sentimita 5 za gumba, kuanzia sentimita 4 chini ya ukingo wa juu. Haina kulia wala kushoto. Huo ufumaji wa mbele mbili nyuma mbili ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unavutika mkono ukipita na kurudi kushika kifundo, wala hauhitaji mpira.

Shemeji yangu akiipenda naye, ya kwake ifume ndefu zaidi, ifike kiungo cha kati cha vidole. Kwenye pikipiki upepo unapiga juu ya ngumi, siyo kwenye kiganja.

Ya kwako ya kwanza nitakufumia mimi, nimepata sufu ya kahawia nzuri sana. Chukua kipande cha uzi, kizungushe kwenye kiganja chini kidogo ya vidole, gumba usilitie, kisha ukipime kwa rula uniandikie. Ikizidi sentimita 20 nitaongeza vitanzi vinne. Nikishapata kipimo naanza jioni hiyohiyo, na mgeni wa kwanza anayekuja huko nampa mzigo wako.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shoga yako