Barua kwa Mwanaidi, kabla hujakijibu chuo

Edinburgh, Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe na mama na mwanetu. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Habari kwamba umepata nafasi ya uzamili huku ilinipa furaha ya siku nzima, na ungekuwa karibu ningekuja kukupigia vigelegele mlangoni. Lakini ulimalizia kwa kuniuliza kama inafaa uje na umwache mtoto kwa bibi yake mwaka mzima, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa meseji. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Naanza na mtoto, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Tangu Januari 2024 serikali ya Uingereza hairuhusu mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa kuja na mume wala mtoto. Wanaoruhusiwa ni wa uzamivu, wa shahada za juu ambazo kwa sehemu kubwa ni utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi ya zaidi ya miezi sita. Wewe umepata ile ya madarasa kwanza na tasnifu mwishoni, kwa hiyo ikiwa mfadhili wako si serikali, mtoto hatapewa viza hata uwe na fedha kiasi gani. Kabla hujakubali, waandikie watu wa udahili uwaulize kama unaweza kuhamishiwa uzamili wa utafiti. Kisha iulize ofisi ya chuo inayoshughulikia viza kama shahada hiyo itakuruhusu kuja na mtoto. Majibu yao yawe ya maandishi, na uyatunze. Usitegemee makundi ya WhatsApp, sheria hizi zimebadilika mara nyingi na watu bado wanasambaza za zamani.

Ikishindikana, basi ujue unakuja peke yako. Ninaishi na mama mmoja kutoka Zambia aliyeacha watoto wawili. Kila jioni anaegemeza simu kwenye kopo la sukari pale jikoni, yule mdogo anamsomea kitabu cha shule, naye anakatakata vitunguu huku akimrekebisha matamshi. Siku nyingi ni raha kuwasikiliza. Zipo siku nyingine akikata simu anabaki amesimama pale pale, na sisi tunatoka kumwachia nafasi. Nakuandikia yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli. Tanga inatutangulia saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukisubiri hadi umemaliza maktaba usiku, mtoto atakuwa amelala zamani. Itabidi saa yake uiwekee uzio katika ratiba yako tangu wiki ya kwanza.

La fedha nitalipita haraka. Mwanafunzi wa kutoka nje hapa hulipa ada ya zaidi ya paundi 20,000 kwa mwaka, na ufadhili wako unalipa hiyo, alhamdulillahi. Hakikisha unalipa na mchango wa afya unaotozwa pamoja na viza, maana mwanafunzi hudaiwa paundi 776 kwa kila mwaka na zote hulipwa mwanzoni. Kipimo cha kifua kikuu, kinachotakiwa kwa viza, fanya mapema. Ukishafika, jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki hiyo hiyo. Kumwona ni bure, na Uskoti hata dawa anazokuandikia hulipii. Kazi unaruhusiwa saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, na wengi hawajui kwamba kwa mtu wa uzamili miezi ya kiangazi ni muhula pia, kwa kuwa ndipo tasnifu inapoandikwa. Usipange bajeti ukitegemea kufanya kazi kutwa kuanzia Juni. Chumba omba cha chuo, tena leo ukiweza. Wenye nyumba za mitaani wanataka mdhamini anayeishi Uingereza, na asiye naye huambiwa alipe kodi ya miezi mingi kwa mkupuo.

Sasa masomo, ambayo ndiyo hasa nilitaka tuongee.

Huku hakuna madesa, zile notisi za kukariri. Unapewa orodha ya kusoma kwa kila wiki, unakwenda kwenye mhadhara, halafu mnakaa semina watu kumi na kitu mkizunguka meza, na mwalimu anasubiri. Anasubiri kweli. Kimya kikitanda hakijazi yeye. Nilikuja nikidhani wageni ndio watakaokaa kimya na wenyeji ndio watakaosema, na kwa wiki kadhaa ilionekana hivyo. Kisha nikazoeana na msichana wa Fife, ng'ambo ya ghuba hapa kaskazini, Mskoti mtupu, ambaye naye alikuwa hafungui mdomo. Shahada ya kwanza alisoma hapa hapa, miaka minne kama ilivyo desturi yao, na ada yake ililipwa na serikali ya Uskoti. Baba yake ni fundi kwenye mitambo ya mafuta baharini, na kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu kabla yake. Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza vijana waliotoka shule za bweni za gharama walikuwa wakirudia maneno yake kwa kuigiza lafudhi yake, na tangu hapo akijua jibu huliandika tu daftarini. Mwanaidi, huyu yuko nchini kwake, kwa lugha ya mama yake! Nilimtazama nikaona kwamba woga niliodhani nimetoka nao Tanga, wenyeji nao wanao.

Upande wa pili wa meza hukaa dada mmoja wa Chengdu. Wachina ni wengi sana hapa, na watu hupenda kusema hawachangii darasani. Huyu huja na kikaratasi chenye swali moja, limeandikwa nyumbani, limefutwa na kuandikwa upya mpaka limenyooka. Mwalimu akinyamaza, yeye husoma swali lake. Basi. Maswali yake ndiyo yaliyotupeleka mbali kuliko hotuba ndefu za wale wanaosema bila kuombwa. Nami nimeanza kufanya hivyo, na nakushauri uanze nawe, hata kabla hujaja.

Nikusimulie semina ya Ujamaa. Mada ilikuwa vijiji, na tulikuwa tumesoma kuhusu tangazo la Mwalimu Nyerere la Novemba 1973, kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Kijana mmoja akaeleza vizuri kabisa, kwa istilahi zote. Mwalimu wa semina akanigeukia: wewe unatoka Tanzania, unasemaje? Vichwa vyote vikanigeukia. Ukija utakuta hali hiyo, unageuzwa nchi nzima kwa dakika tano. Nikawaeleza habari za babu kule Handeni, walivyohamishwa mahindi yakiwa bado shambani, na bibi alivyorudi kwa miguu kuvuna alichoweza. Chumba kikatulia. Halafu yule wa Fife, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, akauliza kwa sauti ndogo: alikusimulia nani, lini, na majirani waliohama siku hiyo wanasimulia hivyo hivyo?

Damu ilinichemka, maana nilihisi kama babu yangu ameitwa mwongo. Lakini mwalimu aliandika swali lile ubaoni, na tuliobaki tukalizungumza saa nzima: ukumbusho wa familia ni ushahidi wa namna gani, unaupimaje, unauweka wapi karibu na ripoti ya mkuu wa wilaya ambaye naye alikuwa na sababu zake za kuandika alivyoandika. Kwa mara ya kwanza niliona habari ya nyumbani kwetu ikichukuliwa kwa uzito wa kiasi kile, ikihojiwa kama wanavyohoji barua ya gavana. Kusikilizwa kwa huruma ningeweza kupata popote. Nilichofuata hapa ni hicho cha kuhojiwa, na sidhani kuna heshima kubwa zaidi anayoweza kupewa mwanafunzi.

Insha niliyoandika baadaye ilirudi na 68. A inaanzia 70, na za 80 ni adimu, kwa hiyo hiyo ni alama nzuri. Ila pembeni ya ukurasa wa pili, pale nilipopanga wataalamu mmoja baada ya mwingine, huyu kasema hivi na yule kasema vile, palikuwa na maneno machache kwa penseli: na wewe? Tulivyolelewa, shoga, mdogo hawapingi wakubwa waliokwisha kuandika vitabu. Huku usipowapinga, au angalau usipoonyesha wanapishana wapi na wewe umesimama upande gani na kwa nini, unaonekana hujasoma. Jizoeze hilo. Unaweza kupinga kwa adabu, kama unavyojibizana na mjomba wako wakati wa posa.

Na usije ukidhani elimu iko huku tu. Nusu ya tunaowasoma kuhusu Afrika Mashariki ni watu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walter Rodney kitabu chake cha 1972, How Europe Underdeveloped Africa, alikiandika akifundisha pale pale, mwanahistoria Kimambo alifundisha pale, mwanasheria Shivji vilevile. Wenzangu hunitazama kwa wivu nikiwaambia nimekaa vimbweta vya chuo kile, yale mabenchi ya nje ya kusomea. Kituo cha masomo ya Afrika cha chuo cha hapa Edinburgh kilianzishwa 1962, Mwalimu Nyerere akiwa amehitimu hapa miaka kumi kabla yake, 1952, na wenyeji hawachoki kunikumbusha. Najivunia. Lakini jina la chuo halikupi kitu ukiwa huna swali lako mwenyewe. Nimewaona wenzetu, wenye akili kutuzidi, wakimaliza mwaka wakiwa wamefaulu kila kitu na hawana walichokifuata.

Wewe unalo swali. Kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, kwamba ni miche 62 tu iliyosalimika safarini, hilo litaandikwa na kila mtu. Lako lile la wanawake waliobaki kwenye kambi za mashamba ya mkonge baada ya bei yake kuanguka, waliishije, nyumba zilikuwa za nani, sijakutana nalo kwenye orodha yoyote hapa. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, tenga wiki mbili uende Nyaraka za Taifa Dar. Majalada ya enzi za Wajerumani yako pale, huku hutayapata. Na hao wanawake waliobaki, wenye umri mkubwa hasa, kawarekodi sasa, kwa ruhusa yao, wakati bado wapo. Ukija na sauti zao mkononi, semina za hapa zitakufaa kweli.

Huku nako kuna vya kwetu. Maktaba ya Taifa ya Uskoti iko mwendo wa dakika chache kutoka George Square, pale chuoni, kadi ya msomaji ni bure, na ndani yake mna barua za Livingstone na karatasi za wamisionari kwa maboksi. Unaagiza, unaletewa, unafungua juu ya mto mlaini ili jalada lisivunjike. Nikizifungua hufurahi na huumia kwa pamoja. Habari za watu wetu zimelala hapa, na mimi mjukuu wa watu hao sikuweza kuzifikia bila viza, kipimo cha kifua na taarifa ya benki ya kuonyesha fedha zimekaa siku 28. Naamini hilo litabadilika kama watu wa aina yako watakuja, watasoma, na watadai nakala zirudishwe nyumbani.

Baridi utaizoea, giza ndilo linalosumbua. Desemba jua hutoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi na huzama kabla ya saa kumi alasiri, hata adhuhuri na alasiri zinasongana ukitoka darasani umechelewa. Toka nje mchana, hata kama ni kwa robo saa, hata kama mvua inanyunya. Msikiti uko Potterrow, hatua chache tu kutoka chuoni, na Ijumaa utasikia Kiswahili cha Mombasa, cha Unguja na cha Bujumbura kwenye ngazi zile zile. Mimi mtu aliyenipa koti la kwanza nilikutana naye pale.

Basi jibu langu ni hili. Njoo, ikiwa mama amekubali kwa moyo wake na si kwa kukuonea haya, na ikiwa mtoto amezoea kulala kwake kabla hujaondoka. Kama mama anasita, omba chuo kikuahirishie nafasi kwa mwaka mmoja. Wanaweza kukataa, lakini omba, na mfadhili naye umuulize kabla hujasaini chochote. Huo mwaka utumie kwenye kambi za mkonge, kwa utafiti wako.

Nitumie pendekezo lako la utafiti hata kama halijakamilika, nilisome na nikuandikie maswali pembeni. Yatakuwa makali, usininunie. Nieleze pia tarehe ya mwisho waliyokupa, na kama barua ya ufadhili inataja mchango wa afya kwa maandishi. Ramadhani njema inayokuja. Msalimie mama, mbusu mwanetu, na mwambie kaka yako ile nakala ya cheti changu bado naisubiri.

Ni mimi shoga yako,
Rukia