Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Maktaba: tufungulieni njia ya kupata rekodi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUKATWA KWA NYENZO ZA MTANDAONI ZA UORODHESHAJI NA UAINISHAJI WA VITABU

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za wenzangu wa kitengo cha uorodheshaji ambao wanajua kwamba ninaandika barua hii na hawakunizuia. Ningependa uisome ukiwa mezani kwako, ikiwa na muhuri wa masjala, kama zilivyokufikia zile zilizotangulia. Zile zilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala linashughulikiwa. Wiki iliyopita tumepokea waraka unaotuagiza tuendelee na kazi kwa kutumia "vyanzo vilivyopo" hadi hapo tutakapoarifiwa vinginevyo, na waraka huo umefika wakati nywila zetu za WebDewey, yaani mfumo wa Dewey wa kuainisha vitabu kwa namba ukiwa mtandaoni, zimeshakataa, katikati ya shehena mpya ya vitabu ambayo ofisi yako yenyewe iliipokea kwa hafla. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Naomba nieleze vyanzo vilivyopo ni vipi, kwa sababu naamini aliyeandika waraka hakuviona. Tunayo majuzuu matatu ya mfumo wa Dewey, toleo la 19, la mwaka 1979, yenye jalada lililoshikiliwa na gundi ya karatasi. Matawi mengine hayana hata hayo. Yana karatasi iliyotolewa fotokopi mara nyingi mno, yenye muhtasari wa namba za tarakimu tatu tu. Hivyo ndivyo vyanzo.

Katika toleo lile la 1979, kompyuta zimo ndani ya 001.6, na uchakataji wa data kwa mashine za kielektroniki uko 001.64. Wenye mfumo walilitambua tatizo hilo mapema, wakatoa marekebisho mwaka 1985 yaliyozipa kompyuta nafasi yake ya 004 hadi 006, na toleo la 20 la mwaka 1989 likayaingiza rasmi. Kwa hiyo mkutubi wa tawi anayefuata kitabu alichopewa anakiweka kitabu cha kompyuta binafsi kwenye 001.64, mahali ambapo dunia ilishahama, na mwenzake wa tawi la pili aliyewahi kuona rekodi mtandaoni, yaani maelezo ya kitabu yaliyoandaliwa na maktaba nyingine, anakiweka kitabu hichohicho kwenye 004.16. Wote wawili wamefanya kazi kwa uaminifu. Siku chache kabla ya waraka wako, mwanafunzi alikuja kaunta na namba 004.16 aliyoiandika kutoka katika katalogi yetu wenyewe, akaenda kwenye rafu, akarudi akisema hakuna. Kitabu kilikuwapo. Kilikuwa kimesimama kwenye 001.64, jirani kabisa na 001.9, ambako Dewey anaweka visa vya ajabu na vitu visivyotambulika vya angani. Nilimwona akitoka mlangoni mikono mitupu kabla sijagundua kilichotokea, na tangu hapo nimeshindwa kuukubali ule usemi kwamba hili ni suala la ndani la kitengo.

Mheshimiwa, uainishaji haukai tuli. Melvil Dewey alichapisha mfumo wake kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na tangu hapo haujaacha kurekebishwa, kwa sababu maarifa yenyewe hayaachi kukua. Toleo la 21 la mwaka 1996 lilipanga upya sayansi ya viumbe hai. Toleo la 23 la mwaka 2011 lilitoka kwa majuzuu manne, lakini hata anayelimiliki hilo hawezi kupata ndani yake mahali palipoandaliwa kwa UVIKO-19, ugonjwa uliojulikana miaka mingi baadaye. Mabadiliko ya siku hizi hutolewa kwenye WebDewey, ambayo husasishwa mfululizo, na ambayo hulipiwa kwa mwaka kwa shirika la huduma za maktaba la OCLC linalomiliki mfumo huo tangu 1988. Nadhani, na naomba nisahihishwe kama nimekosea, kwamba wenzetu wa fedha wanaiona ada hiyo kama bei ya kitabu, yaani kitu ambacho kikishanunuliwa mara moja hakina sababu ya kununuliwa tena. Hakuna anayeshangaa bili ya umeme ikija kila mwezi. Lakini ada ya nyenzo hii huwekwa pembeni kila bajeti inapobana, na hakuna anayetuarifu mpaka siku skrini inapokataa.

Madhara yake katika fasihi ya Kiswahili yananiuma kuliko yote. Mfumo una nafasi nzuri kwa lugha yetu: 496.392 kwa lugha yenyewe na 896.392 kwa fasihi yake, kisha tarakimu moja zaidi inatenganisha tanzu, ushairi ukienda 896.3921, tamthilia 896.3922, na hadithi za kubuni, zikiwamo riwaya, 896.3923. Katika matawi yanayotegemea ile fotokopi, namba inaishia 896, ambayo ni fasihi za lugha za Afrika kwa ujumla, na hivyo diwani ya Kiswahili, riwaya ya Kiswahili na tamthilia ya Kiyoruba vyote vimebandikwa lebo moja mgongoni. Msomaji anayetaka mashairi analazimika kuvuta kitabu kimoja kimoja. Haiwezekani maktaba inayowahudumia wasomaji wa Kiswahili iwe imevipanga vitabu vya Kiswahili kwa uzembe kuliko vya lugha nyingine yoyote, na mimi sikusomea taaluma hii ili nije kusimamia hali hiyo.

Nakumbuka mkutano wa watumishi ambao ulisimama mbele yetu ukasema kwamba kabla ya mwaka mpya wa fedha kila tawi litakuwa na uwezo wa kupata rekodi mtandaoni. Tulipiga makofi, na yalikuwa makofi ya kweli. Wengine tulirudi vituoni tukawaambia wasomaji wavumilie kidogo. Mwaka wa fedha umeshaanza, umeshafika kati, na sasa tunao uwezo mdogo kuliko tuliokuwa nao siku ya ahadi.

Huenda umeelezwa kwamba tunachodai ni gharama kubwa. Naomba nikuonyeshe kwamba sehemu kubwa ya tunachokihitaji haina ada. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo kwa Kiingereza hujulikana kama Library of Congress, imeweka wazi vichwa vya mada vyake na majina ya waandishi yaliyothibitishwa kwenye tovuti ya id.loc.gov, na yeyote anaweza kutafuta humo bila nywila. Majedwali ya mfumo wake wa uainishaji, ule wa herufi na namba ambamo Kiswahili kiko PL8701 na kuendelea, yanapakuliwa bure kama faili za PDF. Maelezo yote ya MARC 21, muundo wa kuandikia rekodi za vitabu kwenye kompyuta, sehemu kwa sehemu, yako wazi. Mfumo mwingine wa uainishaji, UDC, nao umetoa muhtasari wake bure mtandaoni katika lugha nyingi. Hifadhidata ya mtandaoni ya VIAF inakusanya majina ya waandishi kutoka maktaba za taifa za nchi nyingi na kuonyesha kwamba Ibn Sina na Avicenna ni mtu mmoja, aliyeishi kati ya 980 na 1037. Katalogi yetu, Mheshimiwa, bado inadhani ni watu wawili. Anayetafuta kwa jina la kwanza hapati vitabu vilivyoingizwa kwa jina la pili, na wala katalogi haimwambii kwamba vipo.

Hata programu tunayotumia kuendesha katalogi, Koha, ambayo ilianza kazi katika maktaba moja ya New Zealand mwaka 2000, haidai ada ya leseni. Ndani yake kuna sehemu ya kutafuta rekodi katika maktaba nyingine kwa itifaki ya Z39.50, yaani kanuni zinazoziwezesha kompyuta za maktaba kuulizana rekodi, na hapo ndipo ombi langu lilipo.

Niruhusu nieleze kazi inavyokwenda njia hiyo inapokuwa wazi. Kitabu kinafika mezani. Ninaelekeza kisoma-msimbo kwenye msimbo wa jalada la nyuma, ISBN yake ya tarakimu 13 inaingia kwenye kisanduku cha kutafutia, nachagua maktaba mbili tatu za kuulizwa, na kwa muda mfupi sana rekodi inateremka: mwandishi kwenye sehemu ya 100, jina la kitabu kwenye 245, mchapishaji kwenye 264, vichwa vya mada kwenye 650, na mara nyingi namba ya Dewey kwenye 082 ikiwa imeshapangwa na mkutubi aliyekuwa na nyenzo zote ambazo mimi sina. Kazi yangu inabaki kukagua. Na lazima nikague, kwa sababu rekodi za kunakili nazo zina makosa, msimbo wa lugha unaweza kusema "eng" wakati kitabu kiko "swa", na namba iliyoandikwa kwa toleo la zamani inahitaji kurekebishwa. Lakini kukagua ni jambo la dakika chache. Njia inapokuwa imefungwa, nakaa na ukurasa wa jina la kitabu mbele yangu nikichapa herufi kwa herufi, nakisia mada, nakisia namba, kisha mwenzangu wa tawi lingine anakaa na nakala ya kitabu hichohicho akikisia vyake. Kitabu kimoja kinapata rekodi mbili zisizofanana katika katalogi moja. Maboksi yanabaki kwenye korido, na msomaji anaambiwa kitabu "kinashughulikiwa".

Njia hiyo imefungwa kwenye mtandao wetu wenyewe. Tangu kikinga-mtandao (firewall) kipya kilipowekwa, Koha ikijaribu kuuliza maktaba ya nje inasubiri mpaka inakata tamaa. Poti 210, yaani mlango wa mawasiliano wa kompyuta ambao ndio uliosajiliwa kwa itifaki hii, haipitiki, na nyingine ambazo baadhi ya maktaba kubwa huzitumia hazipitiki pia. Nilipouliza niliambiwa ni sababu za usalama. Sipuuzi usalama, na sidai kuwafundisha wataalamu wa mifumo kazi yao. Nadhani hawakuambiwa kwamba kuna kitengo kinachoitegemea njia hiyo, wakafunga kila kisichotambulika, kama ambavyo mtu yeyote mwangalifu angefunga. Hata hivyo, maombi haya hutoka kwetu kwenda nje. Hatuombi mtu wa nje aruhusiwe kuingia. Wanaweza kuruhusu seva ya Koha peke yake, kwa anwani za maktaba chache zinazojulikana, na pasibaki mwanya mwingine wowote. Kazi hiyo haihitaji zabuni, wala kamati, wala fedha za kigeni. Inahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aseme ifanyike.

Inanipa shida kueleza jinsi jambo hili linavyochosha. Ninafika asubuhi nikijua jibu la swali liko wapi, najua anwani yake, najua kwamba ni bure, na najua kwamba kati yangu na jibu kuna mpangilio mmoja wa kompyuta ambao siruhusiwi kuugusa. Wakutubi vijana waliokuja na ari wameanza kuniuliza kwa nini wajisumbue kutafuta namba sahihi wakati yoyote itakubaliwa. Sina jibu zuri la kuwapa. Mmoja wao amekuwa akitumia simu yake na vifurushi vya intaneti anavyonunua kwa mshahara wake kutafuta rekodi, halafu anazinakili kwa mkono kwenye kompyuta ya ofisi, na nakuomba radhi kwa niaba ya taasisi nzima kwamba tumemwachia afanye hivyo.

Najua unayo mambo makubwa. Najua paa la jengo na mishahara vina uzito wake. Katika barua zilizopita niliomba ada ya WebDewey ilipwe kabla haijaisha, niliomba pia mafunzo, na niliomba RDA Toolkit, kwa kuwa kanuni za RDA za kuorodhesha vitabu tunazotakiwa kuzifuata nazo ni za kulipiwa na sisi tunazifuata kwa kumbukumbu za semina. Yote hayo bado tunayahitaji na sijayafuta. Ila kama kuyapata yote ndiko kunakofanya tusipate hata moja, basi nayaweka kando kwa leo na kubaki na moja. Poti ile ifunguliwe. Ikifunguliwa, hata bila WebDewey, tutapata namba nyingi za Dewey ndani ya rekodi za wenzetu. Hata bila mafunzo, vijana watajifunza kwa kuona rekodi nzuri kila siku. Hata bila toleo jipya, kitabu cha kompyuta kitatoka 001.64.

Naomba agizo hilo litoke kwa maandishi kwenda kitengo cha mifumo, nakala ije kwetu, na litaje tarehe ya kutekelezwa. La mdomo tulishapewa.

Wako katika utumishi,

Mkutubi, Kitengo cha Uorodheshaji na Uainishaji