Vijana wa tovuti, brauza haina kosa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti, maana juzi nimekaa na mdogo wangu mpaka saa sita usiku, boksi la kwenye ukurasa wake linatoka nje ya skrini ya simu na yeye anailaumu brauza. Jamani, brauza haina kosa. Ukiandika upana pikseli 300, halafu padingi (nafasi ya ndani, kati ya maandishi na fremu) 20 kila upande na fremu ya 5 kila upande, inajumlisha zote, boksi linakuwa 350, ndivyo CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti, ilivyopangwa tangu 1996. Brauza ya zamani, Internet Explorer 5 ya Windows, ndo ilikuwa inabana vyote ndani ya hiyo 300, watu wakateseka kweli kuandika vipimo viwili viwili, kimoja cha hiyo, kingine cha brauza nyingine.

Siku hizi unaweka tu box-sizing: border-box pale juu kwenye CSS yako, basi, 300 inabaki 300. Ila pambizo, ile nafasi ya nje ya fremu, haimo humo, yenyewe inakaa nje siku zote. Na maboksi mawili yakipangana juu na chini, moja lina pambizo 30 lingine 20, nafasi katikati ni 30 sio 50, kubwa inameza ndogo!

Walimu wa kozi, fundisheni hili wiki ya kwanza, kabla ya marangi.

Msomaji wenu,
Morogoro